Inaingia, Lakini Si Yake

Kuna swali ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani kwa muda, na limetoka mahali ambapo wengi hawatafuti maswali ya namna hii: chini ya boneti ya gari kuukuu. Swali lenyewe ni hili. Kipi kibaya zaidi, kitu kisichofaa kabisa, au kile kinachokaribia kufaa? Watu wengi niliowauliza wamejibu bila kufikiri kwamba kinachokaribia ni afadhali. Hata methali tunayo: bora nusu shari kuliko shari kamili. Mimi naona sivyo, au tuseme si mara zote, na nataka kueleza kwa nini, nikianzia kwenye injini kabla sijafika kwa watu.

Msomaji ambaye hajawahi kushika spana anivumilie kidogo. Ukitazama bolti utaona mistari inayoizunguka kutoka chini hadi juu, kama ngazi ya kuzunguka ndani ya mnara. Hapa gerejini Nakivale tunaiita meno. Watanzania wengine husema hesi, na waliojifunza ufundi kwa Kifaransa kule Bukavu au Lubumbashi wana neno lao. Bolti ya kawaida kazi yake ni moja, kushika. Lakini injini ina matundu mengine yenye kazi mbili, kushika na kuzuia. Hapo ndipo hufungwa sensa ya presha ya oili, sensa ya joto la maji, koki ya kumwagia maji. Kwenye mengi ya matundu hayo meno hukatwa kwa mtindo wa meno ya bomba, yaani yana umbo la kabari. Katika kila milimita 16 za urefu, unene hubadilika kwa milimita 1. Ukikaza, kabari inajibana yenyewe ndani ya tundu, na oili inakosa njia ya kutokea.

Shida ni kwamba dunia haikukubaliana juu ya meno. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza viwanda vya kwao vitumie meno ya namna moja, yenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers naye akaja na yake, ya digrii 60, kwa kuwa aliona ni rahisi zaidi kuyakata na kuyapima. Kila upande ukashika njia yake, hadi kwenye mabomba. Ndiyo maana bomba la 1/8 la Kiingereza lina meno 28 ndani ya inchi moja, na la Kimarekani lina 27. Kwa robo inchi ni 19 kwa 18. Kwa nusu inchi yote mawili yana 14, na tofauti kubwa imebaki kwenye pembe, mahali ambapo jicho halifiki. Wajerumani wengi wakaenda na milimita. Wajapani walichukua milimita kwa bolti zao, lakini kwenye matundu ya bomba wakabaki na meno ya Kiingereza. Kwa hiyo Land Cruiser ya zamani utaifungua kwa spana za milimita 12 na 14, kisha ukifika kwenye sensa ya oili unakutana na inchi ya Mwingereza wa karne ya 19 amelala ndani ya gari la Kijapani.

Jina lenyewe nalo linapoteza watu. Chukua kalipa upime hiyo inayoitwa 1/8. Hutapata 1/8 ya inchi popote. Thumuni ya inchi ni milimita 3 na kidogo, ilhali meno hayo kwa nje yana karibu milimita 9.7. Jina lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Mabomba yalibadilika, jina likabaki. Sisi hatupaswi kulishangaa jambo hilo. Wangapi kati yetu tunaitwa kwa majina ya nchi na vijiji ambavyo hatujawahi kulala hata usiku mmoja?

Gari lililonifanya nifikiri haya ni Land Cruiser ya mfululizo wa 40, injini ya petroli ya 2F, silinda sita, iliyotoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwenyewe ni mfanyabiashara kutoka Fizi. Mchana gari hubeba maharage na mahindi. Usiku, simu ikilia, hubeba mama mwenye uchungu au mtoto mwenye malaria kali. Injini ilivunjwa yote: pistoni, ringi, beringi, gasketi, vyote vikatandazwa juu ya turubali. Mimi pale gerejini kazi yangu ni daftari. Naandika kipuri kilichoingia, kilichotoka, na fedha. Kwa hiyo naona mengi bila kupaka mikono oili.

Wakati wa kufunga, sensa ya zamani ya presha ya oili ikaonekana imekufa. Kwa bahati, ndugu wa mwenye gari, aliyehamishiwa Marekani, alikuwa ametuma geji mpya pamoja na sensa yake. Boksi limeandikwa 1/8. Tundu la injini ni 1/8. Nani angebisha? Kijana wa gereji akaiweka. Mzunguko wa kwanza kwa vidole, wa pili kwa vidole, wa tatu ikaanza kuwa ngumu. Akachukua spana. Fundi mkuu, mzee ambaye sote tunamwita Papa, akamshika mkono.

“Iko inaingia, Papa,” kijana akasema.

“Inaingia, lakini haiko yake.”

Akaitoa. Hatukuwa na kipimo cha meno, zile bati nyembamba zinazokunjuka kama kisu cha mfukoni. Papa alichukua sensa iliyokufa, akailaza ubavuni mwa ile mpya, meno ndani ya meno, akaziinua kuelekea mwanga wa mlangoni. Meno ya kwanza yalilala pamoja vizuri kabisa. Kufika la tano, la sita, mwanga ukaanza kupita katikati. Tofauti ya jino na jino kati ya 27 na 28 ni kama milimita 0.034, nyembamba kuliko unywele. Kwenye jino moja haionekani. Inaonekana pale inapojumlishwa.

Sasa fikiria kama ndugu wa Marekani angetuma sensa ya robo inchi. Isingeingia hata kidogo. Tungecheka, tungemsema kidogo, tungetafuta nyingine. Kisichofaa kabisa kinakwambia ukweli mapema na bila gharama. Hii iliyokaribia ndiyo ilitaka kutuingiza shimoni, kwa sababu ilitupa mizunguko miwili ya matumaini. Mkono ukishaonja hiyo mizunguko miwili, huacha kuuliza na huanza kusukuma.

Kusukuma kungeleta nini? Pengine meno laini ya shaba ya sensa yangeliwa. Pengine kabari ingepasua ukingo wa tundu kwenye bloku, na bloku ya 2F siku hizi si kitu cha kununua dukani kama sabuni. Au, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi, ingekaa. Ingekaa, ikaonekana imefungwa, ikavuja polepole. Injini ikiwa baridi oili inaweza kusukuma hapo kwa presha ya baa 3 au 4. Gerejini ungeona tone. Barabarani, kwenye mashimo na mtetemo, tone linakuwa mchirizi, na dereva wa usiku hatazami chini ya gari.

Mwenye gari alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Akasema, “Papa, funga tu tepu. Kesho ni soko.”

Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kila mtu anaijua. Kazi yake ni kujaza upenyo mdogo kati ya meno yanayofanana. Haiwezi kuyafanya meno ya namna mbili kuwa ya namna moja. Na kuna jambo lingine ambalo mpaka leo linanisumbua. Sensa ya aina ile ina waya mmoja tu. Umeme wake unarudi kwa kupitia mwili wa sensa, kwenye meno, hadi kwenye bloku. Ukiizungushia tepu nene unaweza kuikata njia hiyo, na mshale wa geji ukaanza kuyumba au kusema uongo. Yaani kidude kilichowekwa pale kutoa ushahidi kwamba presha imeanguka ndicho unachokiziba mdomo, ili kazi ionekane imekwisha.

Lakini tumsikilize mwenye gari, maana hakuwa mjinga wala bahili. Mkimbizi hana siku za akiba. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula hapa Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja, na kila anayeishi na kadi anajua maana yake. Soko moja likipita, ada ya shule nayo imepita. Zaidi ya hapo, fundi wa kambini akikataa kila kitu kisicholingana barabara, hatatengeneza gari hata moja. Tumeshuhudia springi ya lori ikifungwa kwa mpira wa tairi. Tumeona tangi la mafuta likizibwa kwa sabuni hadi lifike mjini. Maisha yetu yenyewe ni ya kukaribia: turubali mahali pa bati, kibali mahali pa kitambulisho, jirani mahali pa shangazi. Je, tuyaite yote uongo?

Hapana, na hapo ndipo nadhani jibu linaanza kujitenga. Mpira wa tairi kwenye springi unaonekana. Anayepanda lori anauona, anauliza, anaamua kupanda au kungoja. Turubali halijifanyi bati. Jirani anayekulelea watoto hajidai kuzaliwa na mama yako, na pengine kwa sababu hiyo unamheshimu zaidi. Hiyo ndiyo nusu shari ya methali, ile unayoijua na uliyoichagua. Ubaya unaanza pale kiraka kinapovaa sura ya kitu chenyewe, na mtu atakayebeba hatari hajaambiwa.

Katika lile gari walikuwamo watu watatu. Fundi, anayejua. Mwenye gari, anayejua nusu. Na mama mwenye uchungu, siti ya nyuma, saa nane za usiku, asiyejua chochote. Wawili wa kwanza walikuwapo gerejini na waliweza kubishana. Yule wa tatu hakuwapo. Papa alipojibu, hakuongea juu ya oili wala meno. Alisema tu, “We unaniambia nifunge tepu. Na ule mama, nani atamwambia?”

Mwenye gari hakujibu. Alikasirika, nami namwelewa. Soko lilipita. Papa alimtuma kijana Mbarara kwa fundi wa mashine ya kuchonga chuma, akampa sensa zote mbili mkononi. Hakumpa karatasi iliyoandikwa 1/8. Baada ya siku tatu kikarudi kipande cha shaba kifupi kuliko kidole gumba: kwa nje meno 28, kwa ndani meno 27. Kikaingia kwenye bloku na kubanwa vizuri, nayo sensa ya Marekani ikaingia ndani yake. Nikaandika kwenye daftari: adapta ya shaba, moja, na bei yake, ambayo ilikuwa kubwa kuliko bei ya tepu mara nyingi sana.

Nimekifikiria sana kile kipande. Hakikuilazimisha injini iwe ya Kimarekani. Hakikuilazimisha sensa iwe ya Kijapani. Kilikubali kwamba tofauti ipo, kikaibeba chenyewe, upande mmoja hivi na upande mwingine vile. Na kilichukua siku tatu. Nadhani hakuna njia ya kuipata kazi ya namna hiyo kwa haraka, iwe ya shaba au ya maneno.

Ya maneno, naam. Kila mmoja wetu hapa amepita mbele ya meza ya mahojiano, au atapita. Unasema Kiswahili cha Kivu, mkalimani anasema Kiswahili cha pwani au cha bara, afisa anaandika Kiingereza. Ukisema “sombe”, mkalimani aliyekulia Tanzania atasimama akuulize sombe ni nini, utamweleza, atasema, “Aa, kisamvu,” na mambo yataendelea. Neno lisilofaa kabisa limewaokoa wote wawili, maana limewafanya waulizane.

Sasa sema “baba”. Sema baba yangu aliuawa mwaka 1996. Halafu, dakika ishirini baadaye, useme kwamba mwaka 2004 baba yangu alinipokea Uvira. Kwetu hakuna tatizo lolote. Mdogo wa baba ni baba, na kumwita vinginevyo mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Lakini neno limeshatafsiriwa, limeshaingia mizunguko miwili kwa vidole bila shida. Kwenye mzunguko wa tatu linakuwa gumu: amekufaje mwaka 1996 akakupokea mwaka 2004? Hapo kuna mikono ya namna mbili. Mkono mmoja unarudi nyuma na kuuliza, “Huyu baba ni yupi?” Mkono mwingine unachukua spana na kuandika kwamba maelezo yanapingana. Kisa cha namna hii nimekisikia kwa zaidi ya mtu mmoja, na kila mara mtu alikuwa amesema kweli tangu mwanzo hadi mwisho.

Mkalimani mzuri ndiye ile adapta. Anasema, “Baba, yaani mdogo wa baba yake mzazi.” Maneno saba mahali pa moja. Yanachelewesha, yanamchosha afisa mwenye foleni mlangoni, na hakuna anayeyaona yakifanya kazi. Yakikosekana ndipo yanaonekana.

Nafika mahali ambapo lazima nijizuie, kwa sababu mfano huu una mtego. Atatokea msomaji aseme: basi somo ni kwamba kila mtu abaki kwenye tundu lake. Mbembe kwa Mbembe, Mrundi kwa Mrundi, Msomali kwa Msomali, na asiyelingana asilazimishwe kukaa nasi. Wengi wetu tumekimbia kwa sababu watu waliofikiri hivyo walipata silaha. Kwa hiyo niseme wazi. Mtu si sensa. Chuma hakijifunzi, meno 27 yatabaki 27 hadi yaliwe na kutu. Mtu hujifunza. Watoto wetu wa hapa wanaongea Kiswahili, Kinyankole na Kiingereza cha shule kabla meno yao ya utoto hayajang'oka yote. Wanaingia mahali ambapo sisi hatukuingia, na wanakaa.

Somo ninaloliona halimo ndani ya meno. Limo kwenye mkono ulioshika spana, na hasa kwenye ule mzunguko wa tatu, pale kitu kinapoanza kuwa kigumu. Ugumu ule ni habari. Unakwambia kwamba kuna jambo hujalijua bado. Unaweza kuupokea kama habari, au unaweza kuupokea kama ukaidi wa kitu na kukikaza zaidi. Mtu anayezungumza kidogo tofauti, anayesali kidogo tofauti, ambaye maelezo yake yanakaribia yale tuliyoyatarajia lakini hayakai sawa, yeye ndiye tunayemlazimisha zaidi. Mgeni kabisa tunampa mkalimani na kiti. Huyu wa karibu tunamwambia aache kujifanya.

Tena hata kupima kunataka unyenyekevu. Nilisema kwamba kwa nusu inchi Mwingereza na Mmarekani wote wana meno 14. Ukihesabu tu, utasema ni ndugu. Utafunga, na yatakaa kuliko ile 1/8. Lakini moja lina digrii 55 na lingine 60, kwa hiyo mabavu ya meno hayagusani sawasawa, na unabaki upenyo mwembamba unaozunguka kutoka ndani hadi nje kama ngazi ileile niliyoitaja mwanzoni. Fundi anayejua anapima unene, anahesabu meno, anatazama pembe, anaangalia kama ni kabari au yamenyooka. Mambo manne kwa kidude cha kuenea kwenye kiganja. Sisi mtu mzima tunamhukumu kwa lafudhi yake peke yake.

Basi nikirudi kwenye swali nililoanza nalo: kisichofaa kabisa ni hasara ya siku moja. Kinachokaribia kufaa kinaweza kuwa msaada au kuwa hatari, na kinachoamua ni kama kuna mtu aliyesimama kwenye mzunguko wa tatu akauliza. Sisemi kila gari lingoje siku tatu. Ziku siku ambazo mtoto anaungua homa na tepu ndiyo iliyopo. Siku hiyo ifungwe tepu. Lakini iandikwe kwenye daftari kwamba ni tepu, dereva aambiwe atazame chini ya gari kila anaposimama, na yule anayepandishwa nyuma aambiwe pia, kabla mlango haujafungwa.